Drilingi ya zamani ya Suhl, geji 16 juu na raifo ya 8x57 chini: niilishe risasi gani?

mpare_wa_erfurt

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua bunduki za zamani, hasa mlioko huku Ujerumani. Mtihani wa uwindaji nilishafaulu, cheti ninacho, na baba mkwe ameona bunduki ya babu yake isije ikaishia kwa watu baki akanipa mimi, karatasi tumeshamaliza ofisini kila kitu kiko kwa jina langu kwa hiyo hilo tusilijadili.

Ni drilingi, ile ya mitutu mitatu, miwili ya marisau imelala sambamba juu halafu mmoja wa raifo uko chini katikati. Triga mbili. Mgongoni pale juu kuna swichi, ukiisukuma mbele kinainuka kibao cha kulengea na triga ya mbele inahamia mtutu wa chini, aisee wazee hawa walikuwa mafundi. Imetengenezwa Suhl. Nimevua mitutu nikaangalia chini yake nikakuta taji kibao zenye herufi chini yake, G, S, U, W, kuna neno Nitro, kuna 16 ndani ya duara, 7,8 mm, halafu "St.m.G. 14,7 g" na mwisho 5.28. Hakuna sehemu yoyote wameandika jina kamili la risasi.

Sasa shida yangu. Kwenye kabati la mzee tumekuta risasi chache zimeandikwa 8x57 JR, boksi karibu limejaa la 8x57 JRS, na mfuko wa risasi za 16 za karatasi za zamani sana. Mimi mwenyewe nilishapita duka moja nikauliza za 16 kijana akanipa 16/70 akasema 16 ni 16, sijazipiga bado, moyo ulisita. Nataka msimu huu nitoke nayo kwa nguruwe pori na bata. Nianzie wapi?

Simba_Mzito

Mkuu unajisumbua tu. Risasi ikiingia, bunduki ikifunga bila kulazimisha, piga. Bunduki za Mjerumani ni chuma kweli kweli, babu alipiga miaka yote hiyo na hakufa.

Mzee_Marisau

Simba, ushauri wako ndio unaopeleka watu hospitali. Babu hakufa kwa sababu babu alijua bunduki yake inakula nini. Mpare usimsikilize huyu, na ukiweza boksi la JRS litoe kwenye hilo kabati leo leo kabla hujaendelea kusoma.

Nakueleza kwa nini. Zile 8x57 za zamani zilikuwa na kichwa, yaani kile kinachoruka, chembamba, kama milimita 8.07, inchi .318. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1900, jeshi la Ujerumani likabadilisha likaja na kichwa kinene zaidi, 8.2, inchi .323, na hiyo ndiyo ikapewa herufi S. Ile R ni ukingo wa chini wa ganda kwa ajili ya bunduki za kuvunja, zinazokunjwa katikati kuweka risasi, kama yako. Kwa hiyo JR ni nyembamba na JRS ni nene. Na ukiona mahali wameandika IR au IRS usichanganyikiwe, I na J hapo ni kitu kimoja. Sasa hatari iko hivi, maganda yanafanana, JRS inaweza kuzama kwenye chemba (pale risasi inapokaa) ya JR vizuri kabisa na bunduki ikafunga bila shida, halafu ukivuta triga kichwa cha 8.2 kinalazimishwa kupita kwenye tundu la 8.07 na presha inapanda juu kuliko ile mitutu ilivyopimwa. Kigezo cha "imeingia imefunga" hapo hakikusaidii kitu.

Mihuri yako nakusomea. U ni kwamba ilikaguliwa, G ni mtutu wenye mifereji yaani raifo, S ni ya marisau, W ni kwamba mitutu ya marisau imebanwa mdomoni, ina choki. Nitro maana yake ilipimwa kwa baruti isiyo na moshi, hiyo ni habari njema. 5.28 ni Mei 1928. Hiyo 14,7 g ndiyo tamu kuliko zote, ni uzito wa kichwa chenye koti la chuma walichopimia, na gramu 14.7 ni kile kichwa kirefu cha mviringo cha 8 mm cha zamani, kwa hiyo karibu hakika una 8x57. Ila 7,8 mm ni kipenyo juu ya migongo iliyo kati ya mifereji, sio ndani ya mifereji, haikwambii moja kwa moja kama una nyembamba au nene. Mwaka 1928 mafundi wa Suhl walikuwa bado wanatengeneza nyembamba kwa bunduki za uwindaji japo jeshi lilishahama siku nyingi. Kwa kubahatisha ningesema JR, lakini hapa hatubahatishi.

Peleka kwa fundi. Anasukuma kipande cha plumbamu (ile metali laini ya risasi) kwenye mtutu kutoka mwanzo mpaka mwisho kinatoka na alama za mifereji anakipima na maikromita, kazi ya dakika chache. Na chemba anamimina ile metali inayoyeyuka kwenye joto la chini ya maji yanayochemka, ikiganda anaitoa anapima urefu na upana. Wewe uko Erfurt, Suhl iko hapo jirani, mafundi wapo na ofisi ya serikali ya kupima bunduki, Beschussamt, bado ipo mji huohuo. Siwezi kukupa jina la risasi mpaka hizo namba mbili ziwe mezani.

Mzee_Marisau

Nimesahau kwenye 16. Bunduki za Ujerumani za kabla ya vita karibu zote chemba ni milimita 65. Hizo 16/70 ulizouziwa zinaingia pia, maana ganda likiwa limekunjwa mdomo linakuwa fupi, likifyatuliwa ndio linafunguka mpaka 70 na mdomo wake unaingia kwenye ile shingo ya mbele ya chemba unabana njia. Presha inapanda, na mitutu ya drilingi ni myembamba makusudi ili bunduki isiwe nzito kubeba. Tafuta zilizoandikwa 16/65 au 16/67,5, hizo za 67,5 zilipangwa ziende hata kwenye chemba ya 65, na boksi lenyewe litakuambia, soma. Gramu 26 mpaka 28 zinatosha sana. Hizo 70 kazirudishe dukani.

Nyikani254

Nko Minnesota, hapa drilingi ziko nyingi kushinda vile mtu angedhania, wanajeshi wa Marekani walirudi nazo kwa mizigo 1945 na sasa wajukuu wanauza. Nilipata yangu kwa mzee mmoja wa kanisa, 16 mbili juu na chini 9.3x72R. Mpare angalia vizuri yako isije ikawa hiyo kwa sababu ndio ya kawaida sana kwa hizi bunduki. Ni risasi ndefu iliyonyooka hivi, ilianza enzi za baruti nyeusi, presha yake chini, kichwa gramu 12.5 cha pua bapa. Kiwanda cha Sellier & Bellot bado wanatengeneza na inanipigia kulungu wa huku vizuri sana ndani ya mita themanini au mia. Haina kelele mingi, bega haliumi.

Kitu ingine, hapa madukani kuna 8mm Mauser kila mahali na watu wanasema ni laini. Ni kweli kiwanda za Marekani huijaza kidogo, kiwango chao cha presha ni psi 35,000 ilhali Ulaya inaenda bar 3900 ambayo ni zaidi ya psi 56,000, na sababu ni hizi bunduki za zamani zenye tundu nyembamba. Lakini bado ni kichwa cha .323 na haina ukingo, kwa bunduki ya kuvunja haikai wala haitoki. Mtu asikuambie uinunue ati kwa sababu ni dhaifu.

Mzee_Marisau

Nyikani asante, hiyo ya 8mm Mauser ilikuwa lazima isemwe. Ila yake sio 9.3x72R, angekuta 12,5 g chini ya mtutu na kipenyo kikubwa zaidi, yeye ana 14,7 na 7,8.

Na kwa wengine watakaopita hapa wana 9.3x72R na wako Ujerumani, kuna jambo la sheria. Paa mdogo, Reh, sheria inataka joule 1000 kwenye mita 100. Wanyama wengine wote wa kwato, nguruwe pori akiwemo, inataka kipenyo kisichopungua milimita 6.5 na joule 2000 kwenye mita 100. Hiyo 9.3x72R ya kiwandani haifiki 2000 kwenye mita mia, pamoja na unene wake wote. Kwa hiyo Minnesota sawa, hapa ni ya paa tu. 8x57 JR inavuka bila shida, namba iko ubavuni mwa boksi, tafuta E100, yaani nishati kwenye mita 100.

Usichanganye pia na 9.3x74R. Hiyo ni mnyama mwingine, kichwa gramu 18.5 na presha bar 3400, ndiyo waliyoiweka kwenye ile drilingi ya Sauer M30 waliyopewa marubani wa Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani, Afrika Kaskazini wakati wa vita. Milimita mbili kwenye jina zinadanganya watu.

fundi_chuma_arusha

Salaam wakuu, shikamoo Mzee Marisau. Mimi nafanya na kampuni ya uwindaji wa kitalii huku, bunduki ni kazi ya kila siku ingawa sehemu kubwa ni raifo za bolti na geji 12. Geji 16 huku kuipata ni shughuli, ukiona mtu ana 16 ujue ni ya zamani. Wageni wa Kijerumani wanakuja nazo hizi drilingi mara mojamoja nikapata bahati ya kuzishika.

Kuna jambo hamjaligusa. Kuna watu wanashauri chemba ya 65 irefushwe kwa ruima (kifaa cha kuchonga tundu) mpaka 70 ili upate risasi kirahisi, nimeona bunduki zimefanyiwa hivyo. Mimi sikubaliani. Unakula chuma mahali pale pale presha ilipo juu, na mtutu wa drilingi pale hauna unene wa kuchezea. Tena huko Ujerumani ukigusa chemba lazima ikapimwe upya kwa risasi za presha ya ziada, sasa ipasuke kwenye kipimo umebaki na nini? Risasi fupi zipo, agiza.

La pili, hiyo mitutu mitatu imeunganishwa kwa kulehemu pamoja. Mmoja ukipata moto unawavuta wenzake, kama watu watatu kwenye boda boda dereva akilala upande. Kwa hiyo usikae uwanjani unapiga raifo mfululizo halafu useme bunduki haina shabaha. Risasi moja, mbili, fungua, iache ipoe kabisa, ndio uendelee. Hizi ni bunduki za risasi ya kwanza.

La tatu uzito wa kichwa. Hiyo bunduki ilipangiliwa na kichwa kizito cha zamani, sasa hivi 8 mm nyingi ni gramu 12.7. Itapiga sehemu tofauti na kibao kinapolenga, inaweza ikawa sentimita kadhaa tu au ikawa nyingi, hiyo ni karatasi ndiyo itakwambia. Kama kundi linakaa pamoja ila limehama, kishughulikiwe kilengeo, usianze kukunja mitutu wala kuhukumu risasi.

Simba_Mzito

Sawa nimekubali kuhusu 8x57. Ila kwa bata si atumie tu za chuma? Huko Ulaya si wamepiga marufuku risasi za plumbamu?

Mzee_Marisau

Wamepiga marufuku, ndiyo. Tangu 15 Februari 2023 nchi zote za Umoja wa Ulaya huruhusiwi kupiga marisau ya plumbamu kwenye maeneo oevu wala ndani ya mita 100 kutoka hapo. Na bata utampata wapi kama sio majini.

Lakini chuma kwenye mtutu wa 1928 sahau. Plumbamu inajibana ikipita kwenye choki, chuma hakijibani, na hizi bunduki mtutu wa kushoto mara nyingi umebanwa sana. Unaweza kuvimbisha mdomo wa mtutu, au ule ulehemu ukaachia. Bunduki zilizopimwa kwa chuma cha nguvu zina muhuri wa ua la yungiyungi na za wakati ule hazina. Jibu ni marisau ya bismuthi, metali nyingine. Ni laini, inapita kwenye choki ya zamani bila ugomvi. Bei inauma, sitakuficha. Na ni nyepesi kidogo kuliko plumbamu, kama gramu 9.7 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 11.3, kwa hiyo panda saizi moja: kama ungetumia plumbamu ya 3.0 mm, ambayo Wajerumani wanaiita namba 5, kwa bismuthi chukua ya kati ya hapo na 3.5. Usipige mbali. Mita thelathini, basi.

Kwenye nchi kavu kwa sungura na fezanti bado plumbamu unaweza, ila angalia sheria ya jimbo lako na ya mwenye eneo. Kwenye vichwa vya raifo hivyohivyo, Schleswig-Holstein na Baden-Württemberg wameshakataza plumbamu kwa wanyama wa kwato. Na vichwa visivyo na plumbamu vya .318 ni vichache mno, kwa hiyo hilo ulichunguze kabla hujaalikwa kuwinda jimbo lingine ukafika na boksi lisilotakiwa.

Nyikani254

Aongeze pia Brenneke. Kama ni nguruwe wa karibu kwa mahindi, ile slagi moja ya 16, yaani kipande kimoja kizito badala ya marisau, inamwangusha, na imetengenezwa ipite choki. Mimi huweka kwa mtutu wa kulia na raifo inabaki ya mbali.

fundi_chuma_arusha

Brenneke sawa ila nayo aangalie urefu wa ganda, isije ikawa ya 70. Na aijaribu kwenye karatasi kwanza, kila mtutu wa pembeni una tabia yake, wa kulia unaweza kupeleka kushoto. Marisau makubwa, yale ya kupigia mbwa mwitu zamani, kwa wanyama wa kwato Ujerumani ni marufuku, asije akakuta kwenye hilo kabati akayatumia.

mpare_wa_erfurt

Wakuu nimerudi, na shukrani sana, shikamoo kwa wote mlionizidi umri. Nimeenda Suhl. Fundi mwenyewe ni mzee, alipoiona alitabasamu kwanza, akaigeuza akasoma mihuri bila hata miwani. Mtutu wa chini umepimwa, mifereji 8.07, kwa hiyo ni JR kama Mzee Marisau alivyosema. Chemba za marisau zote mbili 65. Kuna kutu kidogo kwenye chemba ya kushoto ameisafisha, na bawaba ya kufungia haijalegea, akaigonga gonga mitutu na kisigino cha mkono akaniambia sikiliza, inalia kama kengele, ulehemu wote umeshika. Amenionya pia kuhusu triga ya mbele, ukiisukuma mbele inajiweka kuwa nyepesi sana, nisiiweke hivyo mpaka niko tayari kabisa kupiga na nikighairi nifungue bunduki kwanza ndio niirudishe.

JR dukani hazikuwepo, zimeagizwa zikaja baada ya wiki chache, gramu 12.7. Uwanjani kwenye mita mia, risasi mbili za kwanza zinakaa jirani kabisa, ya tatu inahama inapanda, kumbe ndio hilo joto mlilosema. Kundi liko chini kushoto kidogo ya ninapolenga, kwenye mita hamsini hata huoni tofauti. Fundi anasema tusiguse kilengeo mpaka nimalize boksi zima nione ni bunduki au ni mimi. 16/70 duka limekataa kurudisha hela, basi zipo kwenye boksi nimezifunga na gundi nimeandika kwa maandishi makubwa.

Swali la mwisho: JRS za mzee na zile za karatasi nifanyeje? Baba mkwe anasema tuzipige tu kwenye bunduki ya jirani.

Mzee_Marisau

JRS na hizo 16/70 mpe mtu mwenye bunduki yake halali na inayozikubali, mwenye cheti, au mpe muuza silaha akusaidie. Kama jirani ana drilingi ya JRS iliyoandikwa hivyo kwenye mtutu na boksi halijaota kutu, ni zake. Zisikae kabati moja na JR zako, maana siku ya kutoka alfajiri na giza hutasoma herufi ya mwisho kwenye kitako cha ganda.

Za karatasi usipige kwenye bunduki yoyote. Karatasi hunyonya unyevu inavimba, baruti yake hujui imekaaje, na nyingine vichocheo vyake vya zamani vina chumvi inayokula mtutu. Ila usizitupe pia. Kuna wakusanyaji wanaotafuta maganda ya karatasi yenye nembo za viwanda vya kabla ya vita, na boksi lake likiwepo watakulipa kuliko utakavyonunua mpya. Piga picha za vitako uweke hapa tuone ni za kiwanda gani.

mpare_wa_erfurt

Jumamosi naweka picha. Bismuthi ya 3.2 nimepata 16/67,5, bei yake mke asijue.